Msimwamkie, Anakimbia

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya tarafa Nyamongo kabla ya mwenye ufunguo. Nilikuwa nimevaa viatu vya dada yangu Nyangi, vyeusi, vyenye kisigino, na vilikuwa vimenibana tangu Kerende nilikoolewa. Nikaketi kwenye ngazi, nikavivua, nikawa napepea miguu kwa kanga. Ndivyo alivyonikuta Bwana Athumani, karani wa masjala. Masjala ni chumba cha kutunza majalada na barua zote za ofisi, na kwa Bwana Athumani kilikuwa kama msikiti, huingii unapiga kelele.

Akanitazama miguu kwanza, uso baadaye.

"Wewe ndiye tarishi mpya?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Hivyo viatu ni vya kazi au vya harusi?"

"Ni vya dada."

"Basi mrudishie dada yako. Tarishi anakwenda kwa miguu yake mwenyewe."

Wazazi wa Bwana Athumani walitokea pwani, yeye akazaliwa Tarime mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Sisi tuliolelewa kwa Kikurya tulikuwa tunakipanda Kiswahili kama kilima. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu. Kusoma najua, kuandika ndiyo haya mnayoyaona, lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Ndiyo maana nikapewa kazi ya utarishi.

Ninyi mlio na simu hamwezi kujua tarishi alikuwa nani. Mkutano ukiitishwa, mtu akiitwa baraza la kata, siku ya kuchanja ng'ombe ikipangwa, ofisi iliandika barua, na barua haina miguu. Tarishi ndiye alikuwa miguu yake. Bwana Athumani alinifundisha kuzipanga barua kwa njia, si kwa alfabeti. Ya mtu wa karibu inakaa juu, ya mtu wa mbali chini kabisa. Unazifunga kwenye nailoni, unazibana kiunoni ndani ya kanga, na juu unabeba kitabu cha dispachi, ambamo mpokeaji anatia sahihi au dole gumba kuonyesha kwamba amepokea. Kama hayupo, humwachii jirani. Unamfuata shambani, unamfuata mnadani, unamfuata hata matangani.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Katibu Tarafa, Mzee Kisiri. Mtu mrefu, sauti yake unaisikia ukiwa mtoni. Siku moja nilichelewa kufikisha barua ya mkutano, nikarudi kwake naeleza habari za mvua na matope. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na heshima hiyo, halafu akasema, "Mama Mokami, barua ya saa nne ikifika saa kumi, hiyo si barua tena. Hiyo ni historia."

Kuanzia siku hiyo nikaanza kukimbia. Baiskeli ya ofisi ilikuwepo, lakini walipanda wanaume, na mvua ikinyesha udongo wetu mweusi ulikuwa unaing'ang'ania magurudumu mpaka mwenye baiskeli anaibeba begani. Mimi nilikuwa nawapita. Nafika mto Tigithe, natoa barua kiunoni naziweka kichwani, navuka, nakimbia tena. Mama mkwe wangu, Bhoke, aliona haya mbele ya watu. Alikuwa akisema, "Mwanamke gani huyu, anakimbia barabarani kama mtu aliyechokoza nyuki?" Mume wangu Marwa alimjibu mara moja tu: "Mama, huyo hakimbii. Huyo yuko kazini." Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyoniletea ng'ombe.

Baadaye nikahamishiwa Tarime mjini. Ofisi ni kubwa, wakuu ni wengi, kila mlango na bwana wake. Huko ndiko nilikokutana na Afisa Michezo, Bwana Magesa. Alikuwa mfupi, mwenye filimbi shingoni hata akiwa ofisini. Alinikuta napanda kile kilima cha kwenda bomani, barua kiunoni, nakwenda mbio.

"Mama, simama! Nani anakufukuza?"

"Katibu Tarafa, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Nilimwacha Nyamongo."

Akacheka mpaka filimbi ikaruka. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusikia marathoni. Nikamwambia sijui kama ni chakula au ugonjwa. Akanieleza kwamba ni mbio ya kilomita arobaini na mbili na kidogo.

"Hicho kidogo ni cha nini?"

"Hicho kidogo, mama, ndicho kinachoangusha watu."

Sijui kwa nini neno lile liliniingia. Labda kwa sababu maisha yangu yote nilikimbia na kitu cha mtu mwingine kiunoni. Nilitaka siku moja nikimbie mikono mitupu, nifike mahali kwa sababu nimetaka mwenyewe kufika. Bwana Magesa akaniandikisha kwenye mbio za wafanyakazi zilizokuwa zifanyike Mwanza. Nikawa naamka mapema, nakimbia njia ya kwenda Sirari na kurudi, naoga, naingia kazini. Marwa alikuwa ananichemshia uji. Mwanaume wa Kikurya, anachemsha uji! Alikuwa anafunga mlango kwanza ili jirani asione.

Wiki chache kabla ya safari nikajijua nina mimba. Nilikwenda kwa Bwana Magesa kichwa nimeinamisha. Nilidhani atakasirika. Akaitoa ile filimbi shingoni akaiweka mezani.

"Mama Mokami, mtoto hangoji. Marathoni inangoja. Marathoni haiozi."

Mtoto huyo ndiye Ghati, kitinda mimba wangu.

Haikuoza, lakini ilikaa sana. Marwa aliugua, akafariki Ghati akiwa darasa la pili. Nikawa baba na mama. Simu zikaja, zikaingia mifukoni mwa wakuu wote, na tarishi akabaki kupeleka majalada mlango hadi mlango na kuchemsha chai. Miguu ikaanza kusahau. Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mugumu, chini ya Afisa Utumishi, Bi Rehema, binti mpole aliyekuwa ananiamkia mimi kabla sijamwamkia yeye mkuu wangu. Siku ya kuniaga wakanipa blanketi, soda zikanywewa, Bi Rehema akaniuliza mbele ya watu, "Bibi, sasa unakwenda kupumzika?"

Nikasema, "Hapana. Sasa nakwenda kukimbia."

Wakacheka, wakapiga makofi. Walidhani ni utani wa kuagana.

Hapa Mugumu palikuwa na mbio ndefu, marathoni yenyewe, kila mwaka. Zinaanzia ng'ambo ya Robanda, kule kwenye ukingo wa hifadhi, zinapita vijijini, zinaishia uwanjani hapa mjini. Vijana walitoka mbali kuja kukimbia. Nikaanza mazoezi taratibu. Kwanza kutembea, kisha kutembea na kukimbia, kisha kukimbia. Daktari akanipima presha, akanipima na magoti, akasema, "Bibi, moyo ni mzima. Magoti yamechoka kidogo. Usishindane na mtu." Nikamwambia ninaotaka kushindana nao wengi wameshazikwa.

Mwaka wa kwanza nilishindwa, na nitawaambia kwa nini, maana hakuna mtu wa mahali pengine angeshindwa kwa sababu ile.

Nilianza vizuri. Nikapita Robanda, jua bado ni dogo. Watu wamejipanga barabarani kutazama. Basi mzee mmoja akasema, "Mokami! Ndiwe?" Sasa mtu mzima anakuita kwa jina lako, wewe umpite kama mbwa? Nikasimama, nikamwamkia. Akaniuliza nyumbani, akaniuliza watoto, akaniuliza mvua ya Kerende, nami nikamuuliza ng'ombe na mke na ule mguu wake uliovunjika. Mbele kidogo wamama wawili, "Shikamoo, bibi!" Nikaitikia, nikauliza wazazi wao, kumbe mmoja ni mjukuu wa Robhi niliyekuwa nampelekea barua. Tukalia kidogo. Mbele tena mchungaji na mkewe. Kila nyumba ina mtu, na mimi kila mtu namjua au namjua mama yake. Nilikuwa bado sijafika nusu ya njia lilipokuja gari la nyuma, lile linalookota waliozidiwa, kijana akashuka akasema, "Bibi, muda umeisha, panda." Nikapanda. Magoti yangu yalikuwa mazima. Nilishindwa na salamu.

Ghati alinikuta uwanjani nimekaa juu ya jiwe. Hakunicheka. Alinivua viatu, akanikanda nyayo, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekuzuia ile ya Mwanza. Ningekuwa na uwezo ningekukimbilia mimi. Lakini naogopa. Jaribu mwaka mmoja zaidi. Ukishindwa hiyo, uache, uniambie umeacha." Nikampa mkono. Mkono wangu nikishautoa nimeutoa.

Mwaka uliofuata, zikiwa zimebaki siku chache, Ghati akajifungua. Asingeweza kuja. Akamtuma mume wake.

Hapa lazima niwaeleze kidogo. Ghati ameolewa Robanda na kijana wa kwetu Ukurya aliyepata kazi ya ulinzi kwenye kambi ya watalii. Jina lake ni Mwita. Naliandika hapa, kulitamka siwezi, maana ni mkwe wangu. Kwa malezi yetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani machoni. Si chuki, ni heshima, tena kubwa kuliko nyingine zote. Akiwa na neno kwangu anamwambia Ghati, Ghati ananiambia mimi. Miaka yote hiyo tuliishi vizuri hivyo. Sasa Ghati hayupo, na mkwe ametumwa anifuate njia nzima kwa pikipiki yake.

Asubuhi ile alisimama mbali, ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, anatazama nyasi. Mimi nikatazama mlima. Filimbi ikalia, vijana wakaruka kama swala, mimi nikaondoka na mwendo wangu wa ofisini.

Kidogo nikamsikia nyuma, pikipiki inakwenda polepole. Halafu nikasikia sauti yake, anaiambia pikipiki.

"Wewe pikipiki, mbele kuna mashimo. Pita kushoto."

Nikapita kushoto.

"Pikipiki, jua linapanda. Kituo cha maji kiko pale kwenye mti wenye kitambaa. Usikipite."

Nikanywa maji. Nikaiambia barabara, "Ee barabara, yupo mtu ana akili." Nikasikia anakohoa, lakini ilikuwa kicheko.

Tulipokaribia nyumba za Robanda akanipita kwa kasi. Nikadhani amenikimbia. Kumbe amekwenda mbele kwa watu. Nilimsikia kabla sijafika: "Jamani, wazee wangu, mama zangu, nawaomba. Anakuja bibi mmoja amevaa kanga ya njano. Msimwamkie, anakimbia! Mtamwamkia akimaliza!"

"Wewe kijana una wazimu," mzee mmoja akajibu, "mtu mzima apite kimya kama mwizi?"

"Asipite kimya. Pigeni madebe!"

Mashamba ya kule yanapakana na hifadhi, na watu walikuwa wamelala shambani wakifukuza tembo kwenye mtama. Madebe walikuwa nayo bado mikononi. Basi nikapita Robanda katikati ya kelele ambayo sijapata kuisikia. Wazee wanapiga madebe, wamama wanapiga masufuria, macho yao yananiamkia lakini midomo wameibana. Mtoto mmoja tu akasema "Shikamoo bibi!" mama yake akamziba mdomo. Mzee yuleyule wa mwaka jana alikuwa anapiga debe huku analia machozi kwa kucheka. Nilipita. Niliinamisha kichwa kwa kila mmoja, lakini nilipita.

Katikati ya njia nilikwenda vizuri. Penye kilima natembea, penye tambarare nakimbia. Walionipita walinipita, na mimi nikawapita baadhi yao walioketi chini kufunga viatu. Nikaona mahali gari liliponiokota mwaka ule, nikapapita, nikapatemea mate kidogo. Mkwe akaiambia pikipiki, "Hapo pamekwisha."

Kumbe Bwana Magesa alisema kweli juu ya kile kidogo cha mwisho. Mji wa Mugumu ulikuwa umeshaonekana, mabati yanang'aa, nyuma kabisa hakuna mtu ila mimi, na lile gari la nyuma linakuja taratibu. Ndipo msuli wa paja ukakaza kama kamba ya kufungia ndama. Nikaanguka kwenye vumbi, kwa magoti na mikono.

Gari likasimama. Akashuka nesi, binti mgeni, Kiswahili chake cha mbali.

"Bibi, pole. Upo na nani?"

Mkwe akasema kutoka ng'ambo ya barabara, "Yupo na mimi. Ni mama yake mke wangu."

"Sasa umesimama huko kwa nini? Njoo umshike! Umnyanyue!"

Hakusogea. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekamata usukani wa pikipiki kwa mikono yote miwili mpaka ngozi imebadilika rangi. Yule nesi akamwambia, "We kaka huna huruma hata kidogo!" Yeye akainamisha kichwa. Niliumia kuliko nilivyoumwa paja.

"Binti yangu," nikamwambia nesi, "usimgombeze. Hapo alipo ndiyo karibu kabisa anapoweza kufika."

Nesi akanyoosha mguu wangu, akasukuma kidole gumba kuelekea kwangu, msuli ukalegea. Akasema muda wa gari kufunga njia umekaribia. Anaweza kunipandisha sasa, hakuna aibu, nimeshafika mbali. Au nisimame mwenyewe, lakini mtu asinishike, na nisishike chombo chochote, maana hiyo ndiyo sheria ya mbio.

Nikatazama mabati ya Mugumu. Nilimkumbuka Ghati na mkono niliompa. Nikaweka kiganja chini, nikainua goti moja, kisha la pili. Nikasimama. Nikapiga hatua, ikauma. Nikapiga nyingine.

Ndipo nikasikia pikipiki imezimika.

Nikageuka kidogo. Mkwe ameshuka, ameshika usukani, anaisukuma. Kule kulikuwa na kilima cha mwisho, na pikipiki ni nzito. Anasukuma kwa mwendo wangu. Nikisimama, anasimama. Nikipiga hatua, anapiga. Jasho linamtoka kama mimi. Bodaboda wa mjini waliokuwa wamepaki juu ya kilima wakaanza kumdhihaki.

"Oya, mwanangu! Umeishiwa mafuta?"

"Nimeishiwa," akasema.

"Si ungejaza Robanda?"

"Sikujaza."

Alikuwa amejaza. Asubuhi nilimwona mwenyewe, tenki lilijaa mpaka likamwagika, akalifuta kwa kofia yake. Alikuwa na mafuta ya kumfikisha Musoma. Ila asingeweza kunishika, asingeweza kunibeba, na hakutaka nitaabike peke yangu akiwa ameketi.

Tukapanda hivyo, mimi upande huu, yeye upande ule, barabara katikati. Tukaingia uwanjani. Viti vilikuwa vimeanza kukusanywa, lakini kamba ya mwisho ilikuwa bado imefungwa. Bodaboda wale walitufuata, sijui nani aliwaambia, wakawa wanapiga honi. Nikaigusa kamba kwa kifua. Nesi yule akanivalisha medali, halafu akamwendea mkwe wangu akamwambia neno ambalo sikulisikia, nikaona anampa maji.

Simu ya mkwe ikalia. Ghati. Mtoto alikuwa analia upande wa pili, nikasikia hata pale nilipokuwa.

"Amefika?" Ghati akauliza.

"Mama amefika," mkwe akasema, anahema. "Mimi ndiye naomba gari la kuniokota."

Leo nimestaafu kweli. Magoti nayo nimeyapa barua yao ya kustaafu, kukimbia basi. Vijana wakiniuliza nilipata nini kwa mbio ile, naona wanataka niwaambie kitu cha kuandika ukutani. Sina. Nilifika. Nilikuwa nimetaka kufika tangu Ghati hajazaliwa, na nilifika na miguu yangu, na jina langu lilisomwa kwa kipaza sauti, la mwisho kabisa. Anayetaka kujua utamu wake akimbie mwenyewe, na kama amechelewa kuanza, aanze amechelewa.

Jumapili huwa wanakuja, Ghati na mtoto na mkwe. Mkwe anaketi nje, kwenye kigoda upande wa jikoni. Mimi naketi ndani, mgongo ukutani, mtoto mapajani. Hatujashikana mkono na hatutashikana. Nasikia anauliza ukuta kama ile miguu bado inasumbua usiku.

Nami nauambia ukuta, "Haisumbui, tata. Imepona."

Tata kwa Kikurya ni baba.